Pangaboi na Glavu ya Wifi Yake

Walimwita Pangaboi, kama feni ya darini, kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Mchezo wake ulikuwa softboli. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, anauzungusha mkono mzima, nyuma, juu ya kichwa, chini, na mpira unachomoka pale kwenye paja. Mbele yake kuna mpigaji na gongo lake. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka, anakwenda kukaa na wenzake na kutazama viatu vyake. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu. Mchezo ndio huo. Mengine ni kelele za watu.

Wenzake walirusha. Yeye alifyatua.

Alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, mashine upande huu, mabomba ya mvuke upande ule, sakafu haikauki mwaka mzima. Mashuka yalitoka kwenye mashine mazito kama maiti. Aliyavuta, akayatupa kwenye toroli, akavuta mengine. Siku moja msimamizi wa mvuke, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua, alimwona akimrushia mwenzake furushi la taulo mbichi kutoka mwisho wa chumba hadi mwisho. Mwenzake alianguka nalo. Msimamizi huyo ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya hospitali. Hakumwinua aliyeanguka. Alimfuata aliyerusha.

"Umewahi kucheza mpira?"

"Nina muda wa kucheza mimi?"

"Sasa unao."

Mumewe alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilitazamana na lango la hospitali, na kila mtu alimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mwenye misumari mdomoni hajibizani na watu.

Fundi alikuwa na dada mkubwa, mpishi wa hospitali hiyohiyo, mwanamke mpana, asiyeogopa moto wala mtu. Huyo ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu. Siku Fundi alipompeleka mchumba nyumbani kwao, dada mtu alimzunguka kama anayekagua mbuzi.

"Mdogo wangu, umechumbia mkono," alisema. "Uso utauleta lini?"

"Uso nimeuacha kwetu," Pangaboi akajibu. "Niliambiwa huku kuna wifi, nikaogopa utachakaa."

Mama yao alicheka hadi akakohoa. Wale wawili hawakucheka. Habari ikafika uwanjani, na tangu hapo timu nzima ikamwita dada huyo Wifi, hata waliomzidi umri, hata kocha.

Miaka ikapita wakizozana kama wanavyozozana mawifi, leo chumvi, kesho sabuni. Kilichowavunja ni kombe. Mama yake Fundi aliugua, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani. Wifi aliacha mpira msimu ule, akamuuguza. Pangaboi hakuacha. Alisafiri na timu, akashinda, akarudi na kombe la bati linalong'aa, akaingia nalo hadi chumba cha mgonjwa, bado anacheka. Mgonjwa alikuwa amekata roho asubuhi ile.

Wifi alikuwa na beseni la maji aliyomwoshea mama. Alilichukua kombe mikononi mwa Pangaboi, akamimina ndani yake maji yale, akamrudishia.

"Kunywa," alisema. "Umeshinda."

Hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho kati yao kwa miaka mingi.

Msimu uliofuata Wifi alirudi uwanjani. Hakukuwa na mwingine wa kuuzuia mkono ule kama yeye. Alilijua hilo, na lilimpendeza. Hawakusalimiana. Waliongea kwa vidole. Wifi akishachuchumaa, alishusha mkono kati ya magoti. Kidole kimoja, mpira wa kasi, ulionyooka. Viwili, wa kuzama. Vitatu, wa pole, wa kumzuga mpigaji. Pangaboi akikubali aliinamisha kichwa, akikataa alikitikisa. Kwa vidole hivyo walizipiga timu za viwanda, za shule, za polisi. Kocha alisema hiyo ni ndoa bora kuliko yake.

Kwenye ukuta wa uwanja palikuwa na ubao wa rekodi za ligi. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa mwanamke wa timu ya posta, aliyewatoa wapigaji wengi kuliko mtu yeyote katika msimu mmoja. Alikwishakufa zamani, na Pangaboi alimchukia marehemu huyo kama mtu anayemchukia jirani.

"Mfu ananikalia kichwani," alimwambia mumewe. "Mwaka huu namshusha. Mwakani sijui kama nitakuwa na mkono."

Alikuwa anasema kweli. Umri ulikuwa unamfukuza, na wafuaji wenzake walikuwa wameanza kumwita mama.

Pangaboi alikuwa na jambo lake. Hakuutazama mpira ukifika. Akishauachia alibaki ameinama, nywele usoni, sikio ameliweka mbele kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alisubiri mlio. Ngozi ya glavu ikilia paa, kama ubao unaovunjwa, alijua mkono ni mzima. Ikilia ovyo, alijua pana kasoro. Daktari angeweza kumwambia lolote. Yeye aliiamini glavu.

Na alikuwa na jambo la pili. Anaonyeshwa vidole vitatu, anainamisha kichwa kukubali, kisha anafyatua wa kasi. Wifi amejiandaa kwa wa pole, mkono umelegea, mpira unamkuta kwenye kidole gumba. Haikuwa kila mechi. Mara moja moja tu, kama mtu anayetia chumvi. Wifi alisimama, akaukung'uta mkono, akachuchumaa tena. Angelalamika kwa nani, na kwa vidole gani?

Glavu ikichanika ililetwa kwa Fundi. Katikati ya msimu ule, mvua zilipokatika, ililetwa. Fundi aliikunjua mapajani. Glavu ya mdakaji huchakaa katikati, mpira unapoangukia. Hii ilikuwa imepondeka penye gumba, nyuzi zimekatika, na ndani palikuwa na damu iliyokauka. Aliitazama muda mrefu. Alikuwa mume wa huyu na ndugu wa yule. Mwisho akachukua sponji nene, ile ya ndani ya viatu, akaikata, akaishona chini ya ngozi kuanzia gumbani hadi katikati. Alishona vizuri. Kwa macho usingeiona.

Wifi alipokuja kuichukua aliivaa, akaipiga ngumi. Akaipiga tena.

"Imekuwa bubu," alisema.

"Nimeitia kitu. Kidole chako kitapona."

"Nani kakwambia kidole kinaumwa?"

"Glavu."

Wifi aliipiga ngumi mara nyingine, pole, akiisikiliza. Akatabasamu. Fundi hakulipenda tabasamu lile.

"Mkeo umemwambia?"

"Bado."

"Basi usimsumbue," alisema. "Mwenzio ana mfu wa kushindana naye." Akaenda zake.

Jumapili ile timu ya hospitali ilishinda. Pangaboi alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake vya mpira, tope likadondokea mkekani.

"Mkono unakufa," alisema.

"Mbona mmeshinda?"

"Haulii. Nimefyatua kwa nguvu zangu zote, unasikika kama mtu kakalia mto."

Fundi alielewa palepale. Maneno yalimjia hadi kwenye meno: ni sponji. Lakini neno lile lilikuwa na mkia. Nani kaitia, na kwa nini, na ameona nini kwenye glavu ile. Angelazimika kumwambia mkewe, najua unavyomvunja dada yangu. Sponji ingetoka siku hiyohiyo, na gumba lingevunjika wiki inayofuata. Akapiga hesabu ya mtu mwoga: msimu unaelekea ukingoni, mkono haufi kwa wiki chache.

"Pumzika kidogo," alisema.

"Nipumzike, mfu acheke?"

Kuanzia hapo kila jioni akitoka kufua alikwenda nyuma ya kibanda, akaurusha mpira ukutani hadi giza. Ukuta ulilia vizuri. Fundi alimwambia, unaona, unalia.

"Ukuta hata mtoto akiupiga unalia."

"Labda ni glavu," Fundi akasema. Hapo ndipo alipofika karibu kabisa na ukweli. Hakufika tena.

Pangaboi alimgeukia. "Glavu ile naijua kuliko ninavyokujua wewe."

Alikuwa hajawahi kurusha namna ile maishani mwake. Uwanja mzima uliona isipokuwa yeye. Wapigaji walikuwa bado wameinua magongo wakati mpira umeshapita. Mstari wa mfu ukawa unakaribia. Kocha alimkimbilia na taulo.

"Leo umechoma nyumba, mama."

"Usinibembeleze. Mimi si mgonjwa."

"Nani anabembeleza?"

"Nyote."

Na nyuma ya mpigaji Wifi alichuchumaa, glavu bubu mkononi, akidaka kimyakimya. Alimwona mwenzake anavyoweka sikio. Alimwona anavyokunja uso, akapanua hatua, akaufungua mkono zaidi ya ulivyotaka kufunguka. Hakusema. Alishusha kidole kimoja. Wa kasi. Tena kimoja. Tena.

Usiku Fundi alimchua bega kwa dawa. Chini ya vidole vyake palikuwa na kitu kinachosagika kama changarawe.

"Hapa panauma?"

"Kwani nimekwambia panauma?"

Asubuhi alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mume alitazama pembeni.

Mechi ya mwisho ilikuwa na timu ya posta, timu ya mfu mwenyewe. Uwanja ulijaa. Fundi alipata nafasi karibu na nguzo ya wavu wa kuzuia mipira, upande wa mpigaji. Pangaboi aliwatoa mmoja mmoja, na kila mmoja alimtoa kwa kipande cha bega lake, hadi akalingana na marehemu. Akabaki mmoja. Aliyekuja na gongo alikuwa binti mrefu, mgeni kwenye ligi. Akakosa mara ya kwanza. Akakosa mara ya pili.

Wifi akashusha vidole vitatu. Wa pole.

Pangaboi akatikisa kichwa.

Wifi akashusha tena vitatu. Inawezekana alikuwa anamhurumia. Inawezekana alitaka tu kushinda. Pangaboi akatikisa kichwa, akauzungusha mkono kwa yote aliyokuwa nayo.

Sauti iliyosikika haikutoka kwenye glavu. Ilitoka begani. Waliokuwa karibu walisema ni kama shuka linalochanwa. Mpira ulitoka, lakini ulitoka umelegea, ukaelea, na binti wa watu, aliyekuwa anangojea risasi, alipiga hewa kabla haujafika. Ukaangukia kwenye glavu ya Wifi kama yai linalowekwa kwenye majani. Mwamuzi akanyoosha mkono. Ametoka.

Uwanja ulilipuka. Kocha alilia. Pangaboi alikuwa amepiga magoti, macho yameingia giza, hakuona wala hakusikia. Wenzake walimkimbilia na kumbeba juu, na kwa furaha wakambeba kwa mkono uleule.

Walimlaza hospitalini kwake. Shuka alilolalia lilikuwa limefuliwa na zamu yake mwenyewe. Daktari alimwambia msuli umekatika, umeliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na hata wakiushona mkono hautainuka tena juu ya kifua. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, kofia mapajani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Wifi na bakuli la uji.

Aliweka uji, akamtazama mgonjwa, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Mkono wako ulikuwa mzima, wifi."

Pangaboi alijiinua kwa kiwiko cha kushoto.

"Ulikuwa mzima msimu wote. Glavu ndiyo ilikuwa na sponji. Kaitia mumeo."

Pangaboi alimgeukia mumewe. "Kweli?"

"Kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika."

"Na niliporudi nikakwambia haulii, ulijua?"

Fundi aligeuza kofia. "Nilijua."

Akamrudia Wifi. "Na wewe?"

"Nilijua kabla yake, tangu siku niliyoivaa."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unanivunja kidole, mwanamke. Ulitaka nikuimbie?"

Kisha Pangaboi akaanza kucheka. Alicheka hadi bega likamkata pumzi, akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, akaendelea kucheka, na Wifi naye midomo ikamcheza. Fundi alitaka kucheka pia. Mkewe alimwona.

"Wewe usicheke," alisema, na kicheko kikaisha. "Huyu alinichukia, nikajua kuwa nachukiwa. Wewe ulinionea huruma, ukanificha. Kila usiku umelishika bega hili. Ulikuwa unatafuta nini humo?"

Wifi alikoroga uji.

"Fungua mdomo," alimwambia mgonjwa. "Umepoa."

Hospitali ilitundika kitambaa kirefu langoni, kimeandikwa pongezi kwa mwanamichezo wetu. Kitambaa kilikuwa bado kipo juu Pangaboi alipoitwa na mkuu wa kufulia, akaambiwa kwa upole kwamba kazi ile inataka mikono miwili. Kilipochafuka kwa vumbi, wenzake walikiteremsha wakakifua, kikarudishwa. Yeye hakuwepo.

Alitoka hospitalini, hakurudi kwa mumewe. Alikwenda kwa Wifi. Watu walisema mengi: mwanamke ameachika kwa mume, akaolewa na wifi. Majirani walizoea kuwasikia. Gumba la Wifi lilikuwa limepinda halishiki kisu, na mwenzake alikuwa na mkono mmoja, kwa hiyo mtu mmoja alikishika kitunguu na mwingine akakikata, wakitukanana.

"Katikati, katikati, unakata kidole changu."

"Kwani hicho ndicho cha kwanza?"

Fundi alikuja kila Jumapili. Alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akagonga. Wifi alifungua kidogo.

"Fundi, hatuna kiatu kilichochanika."

"Hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

Nyuma ya Wifi alimsikia mkewe anasukuma sufuria. Akasema msalimie, akaondoka. Hakugombana. Alidhani mtu akivumilia sana hufunguliwa.

Ubao wa uwanja ulipakwa rangi upya. Jina la marehemu likashuka, la Pangaboi likapanda. Hakwenda kulitazama. Watu walidhani ni maumivu. Wifi peke yake ndiye aliyejua, maana aliulizwa mara kwa mara, wakati wa kupepeta mchele, wakati wa kuosha vyombo, ghafla tu:

"Ule wa mwisho. Ulikuwa na kasi?"

"Moto," Wifi alijibu. "Kidole kiliniuma wiki nzima."

"Kweli?"

"Mimi nikusifie wewe? Nitapata nini?"

Hapo Pangaboi aliridhika, kwa siku kadhaa. Kisha aliuliza tena. Mipira mingine yote alikuwa nayo kichwani, mlio wake au ukimya wake. Ule mmoja, uliomweka juu ya ubao, hakuwa nao.

Uzeeni kifua kilimkamata. Alikonda, mkono wa kulia ukawa kama fimbo iliyovishwa nguo. Siku moja, si Jumapili, Wifi mwenyewe alikuja hadi kibandani.

"Anakutaka," alisema. "Twende. Na viatu uvue mlangoni, nimedeki."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha dogo. Fundi alikaa ukingoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kufika ndani. Mkewe alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

Hakuuliza siku ipi. "Kwenye nguzo ya wavu. Upande wa mpigaji."

"Basi uliona." Alivuta pumzi, ikamgharimu. "Wifi ananiambia ulikuwa moto. Kila nikimuuliza, moto. Wewe sema. Uniambie ulichokiona, siyo kingine."

Fundi alitazama mikono yake. Jambo moja maishani alikuwa amejifunza, na alilipia sana kujifunza, kwamba huyu mwanamke hafichwi kitu.

"Ulikuwa wa pole," alisema. "Bega lilikuwa limeshakatika. Mpira ulielea. Yule binti alipiga kabla haujafika."

Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati.

"Kwa hiyo sikumtoa," alisema. "Alijitoa mwenyewe."

"Rekodi ni yako. Imeandikwa."

"Toka."

"Mke wangu."

"Toka, Fundi."

Akatoka. Wifi alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Alimwona uso.

"Umemwambia nini?"

"Kaniuliza ule mpira wa mwisho."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli."

Wifi aliuweka mwiko chini, polepole, kama kitu cha kioo. "Ukweli," alisema. "Msimu wote ule, wakati ungemfaa, ulikuwa nao mfukoni. Leo ndiyo umeutoa."

Akampita, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa kiwiko. Fundi alisikia kitanda kikilia alipokikalia.

"Muongo huyo, wifi," alikuwa anasema. "Usimsikilize. Macho yake tangu ujana mabovu, aliona nini kwenye nguzo? Mimi ndiye niliyedaka. Ulikuwa moto. Tazama kidole, tazama kilivyopinda, unadhani kilipindwa na upepo? Wifi. Nakwambia ulikuwa moto. Binti wa watu hakuuona hata rangi."

Alisema hivyo, akarudia, sauti inapanda. Fundi alisimama kwenye korido bila viatu, paji la uso kwenye mlango, akiisubiri pumzi ya mkewe isikike, hadi alipoelewa kwamba dada yake anaongea peke yake.